Mchango Wake Ulifika Kila Mwezi, Yeye Hakufika

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mitatu, mkazi wa Umoja hapa Nairobi, na kwa miaka mingi nimekuwa katibu wa chama cha akina mama tulichokianzisha mwaka 1999 tukiwa tisa, wengi wetu wauzaji katika soko la Mutindwa. Tulianza kwa kuchanga shilingi 200 kwa mwezi. Tulikutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi saa tisa alasiri, nyumbani kwa yule ambaye zamu yake ya kupokea imefika, na mwenye nyumba aliandaa chai na mandazi, au chapati na ndengu ikiwa biashara ilikuwa imemwendea vyema. Pesa zilihesabiwa mezani, mweka hazina akaandika katika daftari. Aliyechelewa alitozwa faini ya shilingi 50 na asiyefika kabisa shilingi 100. Leo tuko kumi na wanne na mchango ni shilingi 3,000.

M-Pesa ilipoingia mwaka 2007 tuliitumia tu kwa mwenzetu aliyekuwa safarini. Mabadiliko makubwa yalikuja Machi 2020, mikusanyiko ilipopigwa marufuku kwa sababu ya korona. Mimi ndiye niliyefungua kundi la WhatsApp na kuandika kanuni za kuchanga kwa simu. Hatukukosa mzunguko hata mwezi mmoja, nami nilisifiwa sana. Marufuku yalipoondolewa hatukurudi vikaoni. Wenzetu kadhaa walikuwa wamehamia Ruai, Ruiru na Kitengela, nauli ilikuwa imepanda, na kila mmoja aliona kwamba Jumapili imekuwa yake tena. Tukakubaliana kukutana mara moja kwa mwaka, mwezi wa Desemba.

Miongoni mwa wale tisa wa kwanza yumo mwenzetu tunayemwita Mama Pacha. Huyu ndiye aliyekesha nami hospitalini nilipojifungua kitinda mimba wangu. Kila ifikapo tarehe tatu ya mwezi, mchango wake huwa wa kwanza kuingia, nami huandika jina lake kundini na kuweka alama ya vyema mbele yake. Mwaka huu pia hakukosa hata mara moja. Mwezi Septemba nilikuwa nikinunua sukuma wiki sokoni, muuzaji akaniuliza mgonjwa wa Mama Pacha anaendeleaje. Nikamwuliza, mgonjwa yupi? Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau.

Nilifika kwake Kayole jioni hiyo hiyo. Mumewe alipatwa na kiharusi mwezi Aprili, akalazwa wiki tano, na sasa hawezi kujigeuza kitandani bila kusaidiwa. Mama Pacha aliacha kibanda chake sokoni. Siku hizi anapika githeri na kuiuza mlangoni pake. Mwezi Juni aliuza simu yake ya kisasa ili anunue dawa, akabaki na kabambe, simu ndogo ya vitufe, na kwa kabambe hiyo ndipo aliendelea kututumia mchango. Alinipokea vizuri, akanipa chai. Nilipomwuliza kwa nini hakutuambia, alinijibu kwa upole, “Nilidhani mnajua. Niliandika kundini siku ile ya kwanza.”

Usiku ule nilirudi nyuma katika mazungumzo ya kundi hadi nikafika Aprili. Ujumbe wake upo: “Baba Pacha amelazwa, mniombee.” Juu yake kuna pongezi za siku ya kuzaliwa ya mwenzetu mmoja, na chini yake kuna video ya simu mpya inayokunjwa kama kitabu, ambayo kila mtu alikuwa akiistaajabia. Watu watatu walimjibu kwa picha ya mikono miwili iliyokutanishwa. Mmoja wa hao watatu ni mimi. Sikumbuki kuituma.

Sasa mpwa wa mweka hazina, kijana anayefanya kazi za teknolojia, ametuletea pendekezo la programu itakayokusanya michango, itakayotoza faini yenyewe, na itakayotoa mikopo kwa kutumia akili unde kupima nani analipa vizuri. Ili sote tuitumie, chama kiwadhamini wenye kabambe wachukue simu za kisasa za kulipiwa kidogo kidogo kila siku. Wenzangu wamefurahi mno na wanasema tusibaki nyuma. Mimi kama katibu ndiye ninayetakiwa kuliwasilisha pendekezo hilo Desemba. Moyo wangu unataka nisimame niseme turudi kukutana kila mwezi kama zamani. Nilipodokeza hivyo, wanachama watatu ambao ni wadogo kwetu walisema wazi kwamba wataondoka, na mweka hazina akasema ninaulilia ujana wangu. Wala siwezi kuieleza sababu yangu, kwa kuwa Mama Pacha aliniomba nisiwaambie wenzetu hali yake. Nifanye nini? Je, chama nilichokijenga nimekivunja kwa mikono yangu mwenyewe?

Katibu, Umoja

*

Dada yangu Katibu,

Pole sana. Pole zangu ziwafikie pia Mama Pacha na mgonjwa wake, ukipata njia ya kuzifikisha bila kusema zimetoka wapi.

Nikikuelewa sawasawa, unauliza kama uwasilishe pendekezo ambalo huliamini, au usimame kulipinga na kuwataka wenzako warudi vikaoni, huku ukijua kwamba baadhi yao wataondoka na kwamba sababu yako ya kweli umefungwa usiitaje. Hilo ni swali la mkutano, nami nitalifikia. Hata hivyo, kila ninapoirudia barua yako naona kwamba uzito wake umekaa katika sentensi fupi mbili: kwamba mmoja wa wale watatu ni wewe, na kwamba hukumbuki. Ningependa tuanzie hapo, kwa maana nahofia kwamba unaubebesha mkutano wa Desemba mzigo ambao sehemu yake iko kwingine.

Sidhani kwamba uliituma picha ile kwa moyo mkavu. Naamini kwamba wakati huo, kwa muda mfupi sana, ulimwonea huruma kweli. Zamani habari kama hiyo ingekufikia kwa kinywa cha mtu, pengine mlangoni au kwenye foleni ya maji, nawe ungelazimika kusema jambo: amelazwa wapi, tangu lini, nani yuko naye usiku, watoto wanakula wapi. Maswali hayo ndiyo yaliyokuwa yakimtoa mtu nyumbani kwake akiwa na chupa ya chai mkononi. Picha ya mikono inamruhusu mtu kuitikia bila kuuliza, na akishaitikia moyo hutulia kana kwamba amekwisha kwenda kumjulia hali mgonjwa. Isitoshe, kundi hupanga habari kwa kufuata saa zilipoingia, kwa hiyo keki ya mwenzenu, kiharusi cha Baba Pacha na ile simu ya kukunjwa vilipata nafasi iliyo sawa katika kioo cha simu yako, na ninajua vyema ni kipi kati ya hivyo vitatu kinachovuta macho. Mimi pia nimo katika makundi mengi, ya kanisa, ya ukoo, na hata ya mazishi yaliyokwisha zamani ambayo hakuna aliyethubutu kuyafunga, na karibu yote nimeyazima mlio. Nilipomaliza kuisoma barua yako mara ya kwanza, nilifungua simu nikatafuta ni akina nani niliowatumia mikono hiyo mwezi huu. Nimewapigia wawili.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hukulitambua. Katika kundi la WhatsApp, alama ya pili pembeni mwa ujumbe ulioutuma hutokea pale tu ujumbe unapokuwa umefika katika simu za wanakundi wote, na tangu Novemba 2014 alama hizo hugeuka buluu wote wanapokuwa wameufungua. Ikiwa Mama Pacha aliuza simu yake Juni na hakuna aliyemwondoa kundini, basi huenda kila tangazo uliloliandika tangu wakati huo limebaki na alama moja ya kijivu. Sikuambii haya ili nikuongezee majuto, kwa sababu sijui mtu yeyote anayekagua alama hizo. Ninakuambia kwa kuwa wewe unaona kwamba simu ilikuficha habari, na wenzako wanaona kwamba simu bora zaidi itawaletea habari zaidi, ilhali habari zilikuwamo tayari, ujumbe wa Aprili na ile alama moja, na hakuna aliyekuwa amepewa kazi ya kuzitazama. Mchango wa tarehe tatu ulikuwa na mtu wa kuutazama, nao ulisomwa kila mwezi kana kwamba unasema nyumbani kwa Mama Pacha ni kwema.

Niruhusu nikuulize kuhusu vile vikao vya Jumapili unavyovitamani. Katika miaka ile yote, hakuna mwenzenu aliyekuja amevaa vizuri, akacheka, akachanga, akanywa chai, na baadaye mkasikia kwamba nyumba yake ilikuwa ikiteketea kwa ndani? Ninauliza kwa sababu wanawake wengi tumelelewa kuficha. Pia kanuni yenu ya faini inanifikirisha. Kama mngekuwa mnakutana kila mwezi mwaka huu, mwanamke anayemgeuza mumewe kitandani mchana na usiku angetozwa shilingi 100 kila Jumapili ya kwanza, au angelazimika kuomba msamaha mbele ya watu, na huenda angejitoa kimya kimya. M-Pesa ilimwezesha kubaki mwanachama akiwa kando ya kitanda cha mgonjwa, kwa kabambe, kwa kubonyeza *334# tu. Kwa hiyo, unaposema kwamba simu ilimtoa Mama Pacha kati yenu, ningekuomba pia ufikirie kwamba simu hiyo hiyo ndiyo iliyomshikilia.

Pamoja na hayo, sitaki kukunyang'anya unachokijua. Sebuleni macho huona mambo ambayo mdomo haujayasema. Mtu akikonda ataonekana, chai yake ikipoa bila kuguswa itaonekana, na akiwa wa kwanza kuaga kila mara, mwenye busara humsindikiza hadi stejini na kumwuliza kulikoni. Wewe umeishi hayo kwa zaidi ya miaka ishirini, na mweka hazina anaposema kwamba unaulilia ujana, nadhani hajakutendea haki. Kuhusu wale watatu wadogo, sijui mengi, ila mama mwenye mtoto mchanga anayetoka Kitengela hadi Umoja kwa matatu mbili siku ya Jumapili ana hesabu ambayo wewe unayetembea dakika tano huifanyi. Je, uliwahi kumwuliza mmoja wao ni kipi hasa wanachokikataa, kukutana au safari?

Sasa niseme kidogo kuhusu programu na hofu ya kubaki nyuma. Mwaka ule ule wa 2007 ambapo M-Pesa ilianza hapa kwetu mwezi Machi, iPhone ya kwanza ilikuwa imeonyeshwa watu huko San Francisco mwezi Januari. Dunia ilizungumza juu ya simu ile ya kioo. Akina mama wa masoko yetu walibadilishiwa maisha na kile kingine, kilichofanya kazi katika simu duni waliyokuwa nayo tayari na hakikumtaka yeyote anunue mpya. Nakukumbusha haya ili mtu atakapokuambia kwamba chama chenu kiko nyuma, umwulize kwa utulivu ni nyuma ya nini.

Mpwa wa mweka hazina huenda ana nia njema kabisa, na usingependa kumfanya adui. Lakini fikiria programu hiyo ingemwonaje Mama Pacha. Ingepitia tarehe zake, ingekuta kwamba analipa kabla ya wote, ingempa alama za juu na kumtangaza kuwa mwanachama aliye imara kuliko nyote. Hilo ndilo kosa lile lile ambalo wewe leo linakukosesha usingizi, nalo lingekuwa linafanywa na mashine kila mwezi bila kujuta. Yapo pia maswali ya kawaida ambayo katibu ana haki ya kuyauliza kabla ya kuwasilisha chochote. Anayekopesha ni chama chenyewe au kuna kampuni nyuma yake? Ikiwa ni kampuni, je, ina leseni ya Benki Kuu, ambayo kwa kanuni za mwaka 2022 inawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwasaka watu walio katika orodha ya namba za mkopaji ili kumwaibisha? Kumbukumbu zenu zitawekwa wapi na nani ataruhusiwa kuzisoma, ikizingatiwa kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayezikusanya awaeleze anazitakia nini? Na zile simu za kulipiwa kila siku, jumlisha malipo ya kwanza na ya siku zote hadi mwisho, kisha ulinganishe na bei ya simu hiyo hiyo kwa pesa taslimu pale Luthuli Avenue. Simu za namna hiyo kwa kawaida hujifunga mwenyewe asipolipa, na chama kikiwa mdhamini, deni lake linarudi kwenu. Mtu aliyeuza simu yake Juni ili anunue dawa ndiye wa kwanza ambaye simu yake ingefungwa.

Hayo yote unaweza kuyasema Desemba bila kumtaja Mama Pacha, na bila kusema kwamba unapinga. Unaweza kuliwasilisha pendekezo kwa ukamilifu, kisha ukaomba maswali yajibiwe kabla ya kura. Hatari yake ni kwamba watakuona unachelewesha kwa makusudi, na kwa kuwa moyoni ndivyo ilivyo kwa sehemu, pengine ni vyema useme wazi kwamba huna utulivu nalo. Unaweza pia kusimama na kuomba vikao vya kila mwezi virudi. Ukishinda kwa kura chache utapata vikao vyenye watu walionuna, na usipokuwa mwangalifu faini itarudi navyo. Njia ya kati, kama kukutana kila miezi mitatu na kuhamisha mahali ili safari hii wa Umoja ndio wapande matatu kwenda Kitengela, itawapunguzia wengine mzigo, ingawa miezi mitatu ni mingi kwa mgonjwa. Wazo jingine ninalolipenda, na ambalo huenda lisiwafae ninyi, ni kumteua mama mmoja kila mwezi ambaye kazi yake ni kuwapigia simu wenzake wote, kwa sauti, na kuwauliza habari za nyumbani kabla ya mchango kupokewa. Kabambe inatosha kwa hilo. Hofu yangu ni kwamba baada ya miezi michache litakuwa jambo la kutimiza tu, mtu akipiga simu kumi na tatu kwa haraka akiwa ndani ya basi, akijibiwa “salama” na kukata. Wewe unawajua wenzako kuliko mimi, na unaweza kupima ni lipi kati ya haya wangelifanya kwa moyo.

Imebaki siri ya Mama Pacha, ambayo naona kwamba inakubana kuliko kura. Aliandika ugonjwa wa mumewe kundini kwa mkono wake mwenyewe mwezi Aprili, kwa hiyo ugonjwa si siri yake. Huenda anachokuomba ukifiche ni kile kilichofuata, yaani kibanda kilichoachwa, simu iliyouzwa, githeri ya mlangoni. Au huenda baada ya kungoja wiki tano bila kumwona hata mmoja wenu wodini, hataki tena kuwaona wakija kwa kuambiwa. Hayo ni mambo mawili tofauti na kila moja linahitaji uangalifu wake, nami siwezi kujua ni lipi, wala wewe huwezi mpaka umwulize. Ningekusihi usimfanye mfano mkutanoni hata kwa kuficha jina, kwa sababu katika watu kumi na wanne hakuna fumbo litakalodumu hadi chai ya pili. Pia ningekusihi usimchangishie pesa kwa siri. Anayelipa kabla ya wote kila mwezi huku mgonjwa akiwa ndani ana heshima yake anayoilinda kwa gharama kubwa, na pengine ndiyo iliyomweka wima mwaka huu. Ukienda na sabuni, mafuta ya kula au pampasi za mgonjwa, nenda navyo kama ambavyo yeye angekuja kwako. Ukienda kumsaidia kumgeuza mumewe kwa saa mbili ili aoge na kulala kidogo, huenda ukawa umemletea kile ambacho M-Pesa haiwezi kukituma.

Unauliza kama umekivunja chama. Ulikipitisha salama katika mwaka ambao vyama vingi vilitawanyika, na wenzako walikusifu kwa haki. Kwamba kitu kimoja kilipotea njiani bila wewe kukiona, hilo nalo ni kweli, na sioni sababu ya kuchagua mojawapo na kulikana jingine.

Kuna jambo moja ambalo barua yako haikulitaja. Hukusema kama ulirudi Kayole baada ya usiku ule, wala kama ulimwambia Mama Pacha kwamba uliutafuta ujumbe wake, ukaukuta, na ukaikuta mikono yako chini yake. Huenda anakumbuka vizuri ni akina nani waliomjibu. Huenda wakati ule alikuwa amekaa kwenye benchi la wodi, akafungua simu, akaliona jina lako, akangoja. Sitakuambia ni lazima umweleze, kwa kuwa huenda akaumia upya, na wewe pia. Ila nadhani utakaa mbele ya wenzako Desemba kwa namna nyingine kabisa, kwa uamuzi wowote utakaouchukua, ikiwa mazungumzo hayo ya watu wawili yatakuwa yametangulia. Niandikie tena baada ya mkutano ukipenda. Na ukienda Kayole kabla ya hapo, niandikie pia.